Mbwa akianguka kifafa, usikimbilie rungu

NI usiku wa manane. Mbwa aliyekuwa amejilaza karibu na mlango anaanguka ubavu, miguu inakakamaa, meno yanagongana na povu linamtoka mdomoni. Anajikojolea. Anapiga miguu hewani kana kwamba anakimbia, ilhali macho yamemtoka pima na haoni kitu.

Aila nzima inatoka mbio. Mmoja analia, mwingine anamwita mbwa kwa jina, na bawabu wa jirani tayari ameinua rungu akishikilia kuwa huyo amepata kichaa na ni heri auawe kabla hajamuuma mtu. Dakika mbili baadaye mbwa anainuka, anayumbayumba, anamtazama bwana wake kama asiyemjua, kisha anaanza kutafuta maji.

Huenda kilichompata mbwa huyo si kichaa wala si kurogwa. Ni kifafa, maradhi ambayo huwapata mbwa kama yanavyowapata binadamu. Wengi wao wanaweza kuishi miaka mingi wakilinda boma na kucheza na watoto, mradi mwenye mbwa ajue la kufanya na la kuepuka.

Makala haya yanaeleza kifafa cha mbwa ni nini, hutofautianaje na kichaa, huduma ya kwanza ni ipi, na ni wakati gani dawa huwa haina budi kuanzwa.

KIFAFA NI NINI?

Ubongo hufanya kazi kwa kupitisha ishara za umeme kutoka chembe moja hadi nyingine. Kifafa hutokea pale kundi la chembe hizo linapofyatua ishara kwa pamoja bila mpango. Mwili hupokea amri zinazogongana, misuli ikakakamaa na kutukutika, na mnyama akapoteza fahamu.

Mara nyingi tukio hilo huwa na awamu tatu. Kwanza, mbwa huonyesha dalili za wasiwasi: hujificha, hutembea ovyo, hulialia au humng'ang'ania mwenyewe. Pili huja kifafa chenyewe, ambacho kwa kawaida hudumu kati ya sekunde chache na dakika mbili au tatu.

Tatu ni kipindi cha kuzinduka. Mbwa anaweza kuwa kama kipofu, akagonga ukuta, akazunguka bila kikomo au akala kwa pupa. Hali hii inaweza kuchukua dakika chache au hata siku nzima. Katika kipindi hiki, hata mbwa mpole anaweza kumuuma anayemwendea kwa ghafla, kwa kuwa hamtambui.

Si kila kifafa humwangusha mnyama. Kuna kile kinachoshika sehemu moja tu ya ubongo, ambapo utaona mguu mmoja au upande mmoja wa uso ukitetemeka, au mbwa akiuma hewa kana kwamba anakamata nzi wasiokuwepo.

SABABU ZAKE

Daktari wa mifugo hugawa sababu hizi katika makundi matatu. La kwanza ni matatizo yaliyo nje ya ubongo: sumu, upungufu wa sukari mwilini hasa kwa watoto wa mbwa, ugonjwa wa ini, na upungufu wa kalsiamu kwa mbwa anayenyonyesha.

Katika nchi yetu sumu haiwezi kupuuzwa. Dawa za kuua wadudu shambani za kundi la oganofosfeti na kabameti, chambo cha kuulia konokono, na dawa ya kuogeshea ng'ombe ambayo mtu ameichanganya kwa kukisia akampaka mbwa kuondoa kupe, zote zinaweza kusababisha mitukutiko mikali. Chokoleti nyingi pia ni sumu kwa mbwa, kadhalika zailitoli, aina ya sukari inayotiwa katika baadhi ya peremende na chingamu.

Mbwa aliyekula sumu za shambani aghalabu hutokwa na mate na machozi mengi, huharisha, hutapika na mboni za macho yake husinyaa. Huyo hahitaji kungojwa azinduke. Anahitaji daktari saa hiyo hiyo, na mwenyewe abebe chupa au pakiti ya dawa inayoshukiwa.

Kundi la pili ni magonjwa ya ubongo wenyewe: uvimbe, jeraha la kichwa kama vile kugongwa na gari, au maambukizi. Hapa ndipo distempa huingia, ugonjwa wa virusi unaowamaliza watoto wa mbwa wasiochanjwa. Huanza kwa homa, makamasi na kuharisha, na baadaye virusi vikaingia ubongoni.

Kundi la tatu ni kifafa ambacho vipimo havionyeshi chanzo chake. Hiki mara nyingi huaminika kuwa cha kurithi, na kwa kawaida huanza mbwa akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na miaka 6. Huonekana zaidi katika baadhi ya koo, zikiwemo German Shepherd, Labrador, Golden Retriever, Border Collie na Beagle, ingawa mbwa yeyote, hata chotara wa kijijini, anaweza kukipata.

Kwa hivyo, mbwa wa miaka 2 ambaye ni buheri wa afya kati ya shambulio moja na jingine huenda ana kifafa cha kurithi. Lakini mbwa wa miaka 10 anayeanguka kwa mara ya kwanza, au mtoto wa miezi 3, lazima daktari atafute kwanza sababu nyingine.

KICHAA AU KIFAFA?

Hofu ya bawabu mwenye rungu haikosi msingi. Kichaa cha mbwa ni hatari kuu. Nchini Kenya kiliripotiwa mara ya kwanza mnamo 1912, kwa mbwa katika viunga vya Nairobi, na hadi leo hakijatokomezwa. Duniani kote kinakadiriwa kuwaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Afrika na Asia. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Hata hivyo, magonjwa haya mawili hayaendi kwa mwendo mmoja. Mbwa wa kifafa huanguka, huzinduka, kisha hurudia hali yake ya kawaida: anakula, anakunywa, anaitika akiitwa. Mbwa mwenye kichaa hapati nafuu. Kila siku huwa mbaya kuliko jana yake.

Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia. Mpole huwa mkali na mkali huwa mpole kupita kiasi. Sauti yake ya kubweka hubadilika, taya la chini hulegea, hushindwa kumeza, na mate humdondoka hata akiwa hajaanguka. Huuma mawe, vijiti na chochote kilicho mbele yake. Baadaye hupooza, na kwa kawaida hufa ndani ya siku 10 tangu dalili zianze.

Kwa sababu hii, swali la kwanza kujiuliza mbwa anapoanguka ni hili: Je, amechanjwa? Ikiwa cheti chake cha chanjo kimepitwa na wakati, au hivi majuzi aliumwa na mbwa asiyejulikana, usimguse kwa mikono mitupu. Mfungie mahali salama na umwite daktari wa mifugo au afisa wa mifugo wa eneo lako.

Mtu akiumwa, au mate yakimwingia katika kidonda, jichoni au mdomoni, mahali hapo paoshwe mara moja kwa maji mengi yanayotiririka, na kidonda kisuguliwe kwa sabuni kwa dakika 15. Kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo ili daktari aamue kuhusu chanjo. Asingoje kuona mbwa atakuwaje.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kichaa huthibitishwa kwa kupima ubongo wa mnyama. Anayempasua mbwa kichwa kwa rungu huharibu ushahidi ambao ungemwambia mtu aliyeumwa kama yumo hatarini. Mbwa aliye hai na aliyefungiwa kwa siku 10 chini ya uangalizi ni shahidi bora kuliko mzoga uliotupwa kichakani.

HUDUMA YA KWANZA

Ikiwa mbwa amechanjwa na ni wazi kwamba ameshikwa na kifafa, fanya yafuatayo.

Kwanza, tazama saa. Dakika moja ya kifafa huonekana kama nusu saa kwa anayetazama, na daktari atataka kujua muda halisi. Pili, ondoa viti, meza na vyombo vilivyo karibu, na umzuie asiporomoke ngazini. Mweke kitu laini chini ya kichwa ikiwa unaweza kufanya hivyo bila kuukaribia mdomo.

Tatu, usitie mkono, kijiko wala kijiti kinywani. Mbwa hawezi kumeza ulimi wake. Anayejaribu kuushika ulimi huo ndiye atakayeondoka na vidole vilivyotafunwa, bila ya mbwa kukusudia.

Nne, usimmwagie ndoo ya maji, usimnusishe kitunguu wala mafuta taa, na usimnyweshe maziwa au dawa. Kitu chochote kinywani mwa mnyama asiye na fahamu kinaweza kuingia mapafuni.

Tano, punguza mwangaza na kelele. Waondoe watoto na mbwa wengine. Mbwa wenzake, hata waliolelewa pamoja naye, wanaweza kumshambulia akiwa anatukutika. Ikiwa amefungwa mnyororo, ufungue au uulegeze ukanda wa shingoni iwapo unaweza kuufikia salama, kwani wapo wanaonyongwa na minyororo yao wenyewe.

Sita, ikiwa kuna mtu mwingine karibu, mwambie apige picha za video kwa simu. Video ya sekunde 30 humweleza daktari mengi kuliko masimulizi ya nusu saa, kwa maana mbwa mwenye ugonjwa wa moyo pia anaweza kuanguka na kuzirai, na tiba yake ni tofauti kabisa.

Akishazinduka, mzungumzie kwa sauti ya chini na umwache apumzike. Mpe maji kidogo pale tu atakapoweza kusimama na kumeza vizuri.

HALI YA DHARURA

Mbwa anayeshikwa kwa dakika moja au mbili na kuzinduka vizuri anaweza kungoja hadi asubuhi aonwe na daktari. Lakini hali tatu hazingoji.

Ya kwanza ni kifafa kinachozidi dakika 5. Misuli inayofanya kazi kwa muda huo huzalisha joto jingi. Joto la kawaida la mbwa ni takriban nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi, na likipita 41 ubongo na viungo vingine huanza kudhurika. Mpepee na umwekee kitambaa kilicholowa maji ya kawaida kwenye nyayo na kinenani mkiwa njiani kwenda kwa daktari.

Ya pili ni vifafa viwili au zaidi ndani ya saa 24. Ya tatu ni pale kifafa cha pili kinapoanza kabla mbwa hajazinduka kutoka cha kwanza. Katika hali hizi, kila dakika ina thamani.

Mbwa ambaye ana historia ya kushikwa mfululizo anaweza kuandikiwa dawa ya dharura ya kuwekwa nyumbani, kama vile daiazepamu inayotiwa kupitia njia ya haja kubwa au midazolamu ya kunyunyizwa puani. Daktari ndiye atakayeonyesha kipimo na namna ya kuitumia. Si dawa ya kuombwa kwa jirani.

DAWA HUANZWA LINI?

Hapa ndipo wenye mbwa wengi hutatizika. Wapo wanaotaka dawa baada ya kifafa cha kwanza, na wapo wanaongoja hadi cha ishirini. Pande zote mbili zinakosea.

Mbwa aliyeanguka mara moja tu, akazinduka upesi na vipimo vyake vya damu vikawa shwari, kwa kawaida hapewi dawa. Huenda asianguke tena. Hata yule anayeshikwa mara moja kwa mwaka anaweza kuishi bila dawa, kwani dawa nazo zina madhara yake.

Miongozo ya kimataifa ya madaktari wa mifugo iliyochapishwa mnamo 2015 inapendekeza dawa zianzwe ikiwa mbwa ameshikwa mara mbili au zaidi ndani ya miezi 6, ikiwa alishikwa kwa zaidi ya dakika 5 au kwa mfululizo, ikiwa kipindi cha kuzinduka huwa kibaya au kirefu mno, au ikiwa mashambulio yanazidi kukaribiana na kuwa makali.

Kutokana na hayo, daftari ni kifaa cha tiba. Andika tarehe, saa, muda, alichokuwa akifanya mbwa, alichokula, dawa ya kupe aliyopewa na muda aliochukua kuzinduka. Kwa mbwa jike ambaye hajafungwa kizazi, andika pia siku za joto, kwani wengine huanguka zaidi wakati huo. Kumbukumbu ya kichwani hudanganya. Tukio la Machi hukumbukwa kama la Mei.

Kuhusu dawa za viroboto na kupe, mnamo Septemba 2018 idara ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kwamba vidonge na matone ya kundi la isoksazolini yanaweza kuchochea kifafa kwa baadhi ya wanyama. Mweleze daktari historia ya mbwa kabla ya kumpa dawa hizo.

FENOBABITALI NA WENZAKE

Dawa inayotumiwa zaidi ni fenobabitali. Ni dawa kongwe: uwezo wake wa kutuliza kifafa kwa binadamu uligunduliwa na daktari Mjerumani Alfred Hauptmann mnamo 1912. Ni ya bei nafuu ikilinganishwa na nyinginezo, na huwasaidia mbwa wengi.

Kipimo cha kuanzia kwa kawaida huwa miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo ya uzani, kila baada ya saa 12. Mbwa wa kilo 30 basi huhitaji miligramu 60 hadi 90 asubuhi na kiasi hicho hicho jioni. Hesabu hii haitolewi ili mtu ajitibie mbwa wake. Inatolewa ili aelewe kwa nini kidonge kimoja kilichobaki kabatini baada ya mgonjwa wa nyumbani hakiwezi kuwa tiba. Isitoshe, ni dawa inayodhibitiwa, na huuzwa kwa cheti cha daktari.

Dawa huchukua wiki mbili hivi kabla ya kiwango chake katika damu kutulia. Baada ya hapo daktari hupima damu kuona kama kiasi kinatosha au kimezidi. Vipimo vya ini navyo hufanywa takriban kila miezi 6, kwa kuwa dawa hii inaweza kulidhuru.

Katika wiki za mwanzo mbwa atasinzia, atayumba, atakunywa maji mengi, atakojoa sana na kuwa na njaa isiyokwisha. Kusinzia na kuyumba hupungua. Njaa hubaki, na anayemhurumia mbwa kwa kumwongezea ugali humnenepesha bure. Lakini macho au ufizi ukiwa wa manjano, au mbwa akikataa chakula, mrudishe kwa daktari upesi.

Potasiamu bromaidi ni dawa nyingine, itumiwayo pekee au pamoja na fenobabitali. Hiyo hutolewa mwilini kwa kutegemea chumvi: chumvi ikizidi ghafla, dawa hutoka na kifafa hurudi, chumvi ikipungua ghafla, dawa hujaa mwilini na kumlewesha mbwa. Leo supu ya mifupa yenye chumvi, kesho ugali mtupu, ni njia ya hakika ya kuharibu tiba. Levetirasetamu na imepitoini pia hutumiwa, lakini ni ghali zaidi.

KOSA LINALOUA

Kosa kubwa kuliko yote ni kuacha dawa ghafla. Mbwa akikaa miezi mitatu bila kuanguka, mwenyewe husema amepona. Au vidonge huisha Ijumaa na pesa hazipo hadi mwisho wa mwezi. Ubongo uliozoea dawa ukiikosa kwa ghafla unaweza kulipuka kwa vifafa mfululizo visivyotulizika, vibaya kuliko vile vya awali.

Nunua dawa nyingine angalau wiki moja kabla ya iliyopo kuisha. Chagua saa zisizosahaulika, mathalan saa moja asubuhi na saa moja jioni, na mtu mmoja awajibikie kazi hiyo. Ukisahau, mpe utakapokumbuka, lakini usimpe mara mbili kwa pamoja. Dawa ikilazimika kuachwa, daktari huipunguza kidogo kidogo kwa miezi kadhaa.

Jambo jingine ni matarajio. Lengo la tiba si lazima liwe kukomesha kifafa kabisa. Mbwa aliyekuwa akianguka mara nne kwa mwezi na sasa huanguka mara moja amefaidika. Takriban theluthi moja ya mbwa wenye kifafa hawatulizwi vya kutosha na dawa, na hilo lisiwe la kumlaumu mwenyewe wala daktari.

MAISHA YA KILA SIKU

Mbwa mwenye kifafa aendelee kutembezwa, kucheza na kubweka langoni. Asiachwe peke yake karibu na kidimbwi, bwawa au mto. Asilale juu ya roshani isiyo na ukingo. Badala ya mnyororo, afadhali kibanda chenye nafasi na sakafu isiyoteleza.

Asizalishwe. Kumuuza mtoto wa mbwa aliyezaliwa na mama mwenye kifafa ni kumuuzia jirani taabu bila kumwambia. Chanjo za kichaa na distempa zifuatwe kwa ratiba, maana mbwa mwenye cheti kamili ndiye anayeweza kutetewa mbele ya majirani wenye hofu. Waeleze mapema, pamoja na mlinzi na mfanyakazi wa nyumbani, kwamba mbwa huyu huanguka na la kufanya akianguka.

Unapotafuta tabibu, hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo nchini. Muuzaji wa dawa za mifugo si daktari, hata akijua majina ya dawa zote zilizo rafuni.

Ipo pia siku ambayo familia haiombei ifike. Ikiwa mbwa huanguka kila siku licha ya dawa mbili au tatu, hawatambui tena watu wake na siku njema zimekuwa chache kuliko mbaya, si ukatili kumwomba daktari amlaze kwa sindano asisikie maumivu. Uamuzi huo hufanywa mchana, kwa utulivu, daftari likiwa mezani. Haufanywi usiku wa manane, mbwa angali anatukutika na jirani ameinua rungu.